Jiko la Vyumba Viwili

Jumatatu, 3 Juni
Kijumba kimekwisha! Chumba kimoja cha mbao, kuta mbili mbili, katikati zimeshindiliwa pamba ya kuzuia baridi. Ukifunga mlango hata mbwa wa jirani humsikii. Nyumba kubwa nimewaachia wapangaji – tangu mzee wangu afariki ilikuwa inanimeza. Binti yangu, kitinda mimba, amenuna. Anataka nikakae naye mjini, ghorofani. Mwishowe amekubali nijaribu, ila akiona nimeshindwa tu, anakuja kunihamisha. Ananisema kama mtoto wa chekechea!

Limebaki jiko la kuni. Baridi inauma.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa fundi majiko. Akauliza chumba kina ukubwa gani, kimezibwa vipi, tunaishi wangapi. Akanionyesha jiko dogo, la chungu kimoja. Kwa nyumba iliyozibwa vizuri hilo latosha, akasema. Kubwa litanioka, na nikilibana hewa lisiwake sana, ndipo litakapotoa moshi mbaya.

Nikalitazama. Chungu kimoja! Jiko la mtu asiyetarajia mgeni. Miaka yote nimepikia watu, na mzee wangu hakuwahi kula peke yake. Roho ilikataa kabisa. Nikamwambia: vyumba viwili, kuta nyembamba, na tupo wawili. Uongo mtupu, bila kupepesa macho. Akasema basi, mama, chukua hili kubwa. Bomba la moshi atafunga seremala aliyenijengea.

Jumamosi, 8 Juni
Limewaka! Zuri, jeusi, vyungu viwili vinakaa bila kugombana. Baada ya muda nikavua sweta. Kisha soksi. Kisha nikafungua dirisha, na mlango. Nimekaa na gauni la kulalia katikati ya baridi ya Juni, jasho linanitiririka, nacheka peke yangu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepata dawa yake. Nafunga kitundu cha hewa, nabakiza upenyo kidogo tu, linafuka taratibu mpaka asubuhi. Dirisha nafunga – wezi. Kioo cha jiko kimekuwa cheusi tii. Naamka kichwa kizito. Mafua, nadhani.

Jumanne, 18 Juni
Kitinda mimba kapiga simu. Nikamsimulia vituko vya wapangaji. Akasema, mama, hiyo ulinisimulia jana. Jana! Sikumbuki hata kama tuliongea. Kisha akaniuliza kama nakula vizuri, kwa ile sauti ya kuongelea na wagonjwa.

Naogopa. Mama yangu alianza hivihivi, na mwisho alikuwa akiniita dada.

Alhamisi, 20 Juni
Kichwa. Kichefuchefu. Nimetia chumvi kwenye chai.

Jumapili, 23 Juni
Nimelala kwa kitinda mimba siku mbili. Akili shwari! Nimepiga soga mpaka watu wa nyumbani kwake wakazima televisheni wanisikilize. Nimerudi jioni, nikawasha jiko, nikabana hewa – haikuchukua muda, kichwa kikaanza. Ndipo nikakumbuka maneno ya fundi. Si uzee. Ni jiko!

Nilipiga makofi kwa furaha. Kisha furaha ikaniisha. Mwanangu atauliza kwa nini nilichagua hili. Mama anayemdanganya fundi, halafu anavuta sumu usingizini – huyo naye ni wa kuachwa aishi peke yake? Nimelizima, nimefungua dirisha. Natetemeka chini ya mablanketi yote niliyonayo.

Jumamosi, 29 Juni
Nilimwita fundi kimyakimya aje aone. Hajakaa, gari la kitinda mimba likaingia. Na maboksi matupu!

Fundi alisimama katikati ya chumba. Akagonga ukuta, akapitisha kidole kwenye masizi ya kioo. Akauliza nani anaumwa kichwa humu. Kitinda mimba akanigeukia: "Mama, unaumwa kichwa?" Fundi akaeleza. Jiko kubwa mno kwa chumba hiki, likibanwa linatoa hewa ya sumu. Mtu husahau, huchanganyikiwa, na siku nyingine haamki. Mwanangu akakaa juu ya boksi akalia. Kumbe alikuwa ameshanililia nikiwa hai, maskini.

Kisha akainuka. "Nani alimuuzia mama yangu jiko hili?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mimi, dada," akasema. "Vipimo nilikosea mimi."

Sasa wako nje. Dirisha li wazi, nasikia kila neno. Kitinda mimba anasema atamtangaza soko zima, hatauza tena hata kifuniko cha sufuria. Fundi anafuta masizi kidoleni. Mimi nimeingia ndani, nimewaambia natafuta miwani. Ninayo usoni, na hakuna aliyeshangaa.

"Umeona hali yake?" kitinda mimba anamwambia. "Mtu kama huyu ndiye uliyemuuzia sumu!"

Fundi anatazama dirisha langu. Ananingoja niseme mwenyewe kwamba nilimdanganya.