Uji wa Mama Muema

Katelembo, Machakos
4 Agosti 2024

Kwako Dada Mwanasiti,

Leo natimiza miezi mitatu tangu niondoke Msambweni. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kubeba mawe na vidole vimepasuka kwa saruji. Mama je, kifua kimemwachia? Na watoto?

Nakuandikia kwa sababu hili siwezi kulisema kwenye simu. Chumba ni kimoja, tuko watatu, na wote wanasikia Kiswahili. Barua nitampa dereva wa lori la nazi.

Ni habari ya choo, dada. Usicheke.

Choo na bafu viko pamoja, mlango mmoja. Muema ndiye fundi aliyenipatia kazi akanikaribisha hapa. Kwao ni Kithimani. Wa tatu ni Wesley, mtu wa Bomet. Ni watu wazuri, lakini hawatumii maji! Wesley ana karatasi yake ya choo, anailaza chini ya mto, na akienda anaibana kwapani kama mtu anayekwenda benki. Akitoka, amemaliza. Muema vilevile. Siku ya kwanza nilitafuta kopo mle ndani, nikadhani limeibwa. Nikatoka nikauliza, "Kopo liko wapi?" Muema akanipa kikombe cha chai.

Basi nikanunua birika la plastiki, la kijani, lenye mdomo mrefu. Maji hapa yanaletwa na punda, na Wesley analalamika: "Kwani wewe unaosha nini kila saa?" Mimi naoga asubuhi na jioni. Wao wanaosha uso na miguu, wanasema wameoga. Muema akamwambia, "Mwache, hayo ni maji ya sala." Wanadhani birika ni la udhu tu. Sikuwasahihisha. Ningeanzia wapi?

Niambie, mchafu ni mimi au ni wao? Maana na wao wananitazama kana kwamba ni mimi.

Mdogo wako,
Mwinyihaji


Msambweni
19 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Barua imefika, na sisi sote wazima. Kifua cha mama kimetulia, anauliza kama unakula. Pole na mgongo. Jikande kwa maji ya moto, kama hao wenzako watakuachia maji.

Nimecheka mpaka mama akaja kuniuliza kuna nini. Sikumwambia, angekuita urudi kesho. Lakini mimi pia sielewi. Mtu akishika tope, anafuta kwa karatasi au ananawa? Waulize hivyo. Hapana, usiwaulize. Wewe umekaa kwa watu, na huyo Muema ndiye aliyekushika mkono. Wakidhani birika ni la sala, waache wadhani. Halimdhuru mtu.

Dada yako,
Mwanasiti


Katelembo
30 Septemba 2024

Dada,

Natumai hamjambo nyote. Mimi mwili ni mzima, lakini kichwa sijui. Ulisema niwaache wadhani. Sasa soma.

Mama yake Muema alikuja kumwona mwanawe. Alhamisi hatukwenda kazini kwa sababu mawe yalikuwa hayajafika, tukalala mpaka jua likatoka. Tunaamka, mama ameshafagia, amesugua mpaka choo, na mezani kuna uji. Uko ndani ya birika langu.

"Nyinyi vijana," anasema, "mnaweka birika nzuri hivi chini kwa choo? Nimeiosha na sabuni na maji moto."

Muema akasema, "Hiyo ni ya Mwinyi, ya maji ya sala."

Mama akafurahi zaidi. "Basi hiyo ni chombo ya Mungu. Hii uji iko na baraka." Yeye ni Mkatoliki, maji ya baraka anayaweka kwenye chupa kabatini.

Akamimina. Ule mdomo unamimina vizuri, dada, hata tone halikumwagika. Muema alikunywa vikombe vitatu akaomba cha nne. Nami nikapewa changu.

Nikasema nimefunga. Wanajua Alhamisi huwa nafunga, ingawa siku ile sikuwa nimenuia. Mama akasema, "Sawa, nitakuwekea, utafungua nayo." Nikashinda na njaa ya uongo mchana kutwa. Jua linazama, yule mama ameketi mbele yangu, uji ameupasha moto na kuurudisha mle mle. Nikasema tumbo linauma.

Akaweka kikombe chini taratibu. Akasema neno kwa Kikamba. Muema hakunitafsiria. Wesley, aliyekaa Ukambani miaka mingi, ndiye aliyenivuta nje.

"Unajua umefanya nini? Huku ukikataa chakula ya mama ya mtu mara mbili, umesema anaroga watu."

"Na amesema nini?"

"Ameuliza ni nani amekuambia yeye ni mchawi."

Aliondoka alfajiri bila kuniaga. Muema hasemi nami, kazini ananielekeza kwa kidole. Jana alifungua mdomo mara moja tu: mwezi ujao ukiisha nitafute chumba, na fundi mwingine.

Nikisema kweli, nimemwambia kwamba mama yake aliwanywesha kutoka chooni. Nikinyamaza, nimemwita mama yake mchawi. Nimezunguka hapa katikati mpaka kichwa kinauma. Niambie unaloliona.

Mdogo wako,
Mwinyihaji


Msambweni
9 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Sisi wazima, wewe ndiye tunayekuhofia. Nimesoma barua yako mara mbili na sikucheka. Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze.

Sijui la kukwambia. Mara nasema ungekunywa, limeshaoshwa, lingekuua? Mara nasema hata mimi nisingeweza. Nisamehe, nimemwambia mama. Alicheka kwanza. Akasema aliyeumia ni yule mwanamke, wala si mwanawe, mwendee mwenyewe. Mama aliyelea watoto hashtuki kwa habari ya choo.

Nenda kabla mwezi haujaisha.

Dada yako,
Mwanasiti


Katelembo
11 Novemba 2024

Kwako Dada Mwanasiti,

Salamu nyingi kwenu. Mama mwambie mimi ni mzima na bado ninalala pale pale.

Nilikwenda Kithimani Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nilimkuta ametoka kanisani, anapepeta mbaazi. Hakuniambia nikae. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Lile birika, mama, si la sala tu. Ni la kujioshea chooni."

"Kuosha wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono. Ungo ukasimama hewani.

"Na Muema alikunywa?"

"Vikombe vinne, mama."

"Na mimi nikakunywa." Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, halafu ghafla akakasirika kweli. "Na wewe ukakaa tu ukiniangalia! Toka!" Nikatoka. Nilipofika kwenye ua akaniita. "Rudi, kaa chini."

Akanipa mahindi na maharagwe, sahani imejaa. Akaketi mbele yangu akitazama kila kijiko mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Muema usimwambie. Atatapika mpaka Krismasi." Akampigia simu mwanawe, maneno machache tu.

Niliporudi Muema alikuwa mlangoni. "Mama amesema nikuache ukae. Nimeuliza sababu, ameanza kucheka, akakata simu. Mliongea nini?" Huniuliza kila siku, kazini, kitandani. Sasa aliyechanganyikiwa ni yeye.

Lakini kuna jambo jingine. Mjengo unafungwa Krismasi na Muema anataka kuja nami kwetu, hajapata kuiona bahari. Nilikubali kabla sijafikiri. Kwetu ataingia chooni siku ile ile, na ataona birika kama lile langu mle ndani. Mama yake amenikataza kusema, nami siwezi kumwacha akayajue mambo haya peke yake, amechuchumaa ugenini. Nitamwambia basi litakaposimama njiani, Mtito Andei. Akitaka kurudi, mabasi ya kurudi hayakosekani pale.

Mwambie mama apike wali wa kutosha. Natarajia kufika Jumamosi, tarehe ishirini na moja Desemba, kabla ya magharibi. Tutakuwa wawili, au nitakuwa peke yangu.

Mdogo wako,
Mwinyihaji