Kadi Niliyoiweka Mbele

Ng'ambo, Unguja
9 Machi 1972

Dada yangu mpenzi Mashavu,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima hapo Bwejuu, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa.

Umeniuliza mara mbili habari za mumeo, shemeji Jaku. Hii ni wiki ya saba tangu achukuliwe pale ofisini kwetu. Nimekwenda kuuliza, nikaambiwa anahojiwa na nisirudi tena. Nguo ulizonipa nimpelekee walizipokea mlangoni. Kama zimemfika, sijui.

Wanasema alihujumu orodha ya mgao wa mchele. Nikueleze ilivyokuwa, maana najua hapana aliyekueleza. Orodha ile huchapwa na kompyuta. Maagizo yake mengine tunayaandika wenyewe kwenye kadi za kutoboa, inazozisoma kwa zamu, mengine mashine hujitungia. Kabla ya kazi huyakagua yote, na kila isiporidhika huchapa onyo. Yale iliyojitungia yakileta maonyo mia na zaidi, kurasa kwa kurasa, na hayana madhara yoyote. Jaku akiyasoma moja moja kwa penseli nyekundu, nami nikimcheka. Akinambia, "Usi, siku moja litakuwemo la kosa letu humu."

Disemba kosa letu likawemo. Nafasi tuliyoiacha ya idadi ya watu wa nyumba ilitosha tarakimu moja tu. Nyumba ya watu kumi na wawili ikahesabiwa wawili. Ya watu kumi ikahesabiwa sifuri. Huko Mkwajuni, Bi Wanu, mja mzito, alipanga foleni siku tatu akirudishwa, kwa kuwa karatasi ilisema nyumbani kwake hapana mtu. Siku ya tatu alianguka, mimba ikatoka. Ndipo wakaja kumchukua Jaku, kwani yeye ndiye msimamizi.

Dada, Jaku hakuliona onyo la kosa lile kwa sababu halikuchapwa. Ipo kadi ya kunyamazisha maonyo. Alinituma niiweke pale yanapoanza maagizo ya mashine, na nyingine ya kuyarudisha pale yanapokwisha, ili yetu yasizibwe. Nilichoka kupekua kadi. Nikaiweka moja, mbele ya zote, ikanyamazisha na maonyo yetu. Karatasi ikatoka nyeupe, na Jaku akafurahi, akanipa mkono.

Alipokwisha kuchukuliwa niliitoa kadi ile, nikachapa upya. Onyo lilikuwepo, la tisini na tatu. Wiki saba nimelikunja mfukoni, nikipokea barua zako.

Kesho, tukitoka sala ya Ijumaa, nitawapelekea karatasi hiyo niwaambie ni mimi. Sijui watamwachia, au watatuweka sote wawili. Naogopa, dada. Msamaha sikuombi kwa barua.

Wabusie watoto. Wazee wape salamu zangu. Haya mengine usiwasomee.

Wasalaam,
mdogo wako,
Usi