Aliyekaa kwa Kaburi Hasalimiwi

Ntimaru, 3 Februari 2025

Leonida binti yangu,

Salamu. Hujambo? Mimi niko. Mgongo unauma, mawe ni yale yale. Ng'ombe amezaa, dume.

Caren anayeuza samaki wa omena ameniambia polisi walikushika huko kliniki. Ati ulitoa mtu mimba. Ni kweli? Usinifiche. Simu yako haishikwi.

Kuna kitu ingine. Wiki mbili sasa mwanamke anakuja saa sita mchana, jua kali, anakaa kwa kaburi ya mama yako. Amejifunika ile leso ya kijani tulimzika nayo. Mbwa habweki. Anaenda kulala kwa miguu yake.

Sijamsalimia. Unajua kwetu, aliyekaa kwa kaburi hasalimiwi. Ukimsalimia umekubali kwenda naye. Naweka ugali na maziwa kwa mlango, naenda kuvunja mawe. Nikirudi sahani imeoshwa.

Jibu na Caren huyo huyo.

Baba yako, Mwikwabe

Homa Bay, 9 Februari

Baba,

Pole na mgongo. Mimi ni mzima, niko nje kwa bondi. Simu polisi wamekaa nayo.

Sikutoa mtu mimba. Msichana anaitwa Phelesia aliletwa na boda kutoka Rangwe tarehe ishirini na nane mwezi uliopita. Mimba ilikuwa imeharibika tayari, damu imejaa viatu. Nilimsafisha, akaishi. Katiba inaniruhusu. Maisha ya mama yakiwa hatarini, mtu aliyesomea hii kazi anatibu. Wakili anasema sheria iko upande wetu, lakini faili yake ya kliniki ilichukuliwa na haionekani. Amebaki Phelesia aseme alikuja hali gani. Na alitoroka, anaogopa atafungwa. Hata yeye sheria inamlinda, lakini nani alimwambia?

Baba, nguo zake zilikuwa damu tupu. Nilimpa leso ya mama, ile nyekundu. Nikamwambia ukikosa pa kwenda, enda Ntimaru, uliza Mwikwabe mvunja mawe. Huyo mtu wako ni yeye! Kijani gani, na wiki mbili gani? Macho yako yamezeeka. Msalimie, mpe chai. Kesi ni tarehe ishirini na saba. Akikosa, naingia ndani.

Mama mimba ilipomharibikia, Joash wa dispensari alimwacha afe kwa kuogopa polisi. Mimi nilikataa kuwa Joash.

Binti yako, Leonida

Ntimaru, 11 Februari

Leonida,

Salamu tena. Caren hajakuja soko, sijapata barua yako. Chrispine wa lori atakuletea hii.

Ile kitu nimemaliza. Jana ilikuja mpaka mlango. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, sikuangalia. Ikasema, "Mzee." Mama yako aliniita hivyo. Nikachota jivu nikairushia usoni. Nikasema rudi kwenu. Ikakimbia upande wa mpaka, inalia kama mtu.

Sasa kumetulia.

Baba yako

Homa Bay, 14 Februari

Baba,

Salamu zitakuja siku ingine. Ulirushia jivu mtu wa kunitoa jela. Soma barua yangu. Mtafute.

Leonida

Ntimaru, 24 Februari

Binti yangu,

Nimesoma zote mbili. Nisamehe. Nimetembea siku nane. Nimempata upande wa Tanzania, anapalilia tumbaku ya mama mmoja. Aliponiona akainua jembe.

"Umeleta jivu ingine?"

Nikasema leo nimeleta maneno. Nikamwambia yale ya wakili. Akakataa. Ati sheria ni ya wenye viatu.

Basi nikamwambia kitu sijawahi kukuambia. Joash hakuogopa. Alikuwa amevaa glavu tayari. Ni mimi nilisimama kwa mlango, nikasema ukimgusa naenda polisi. Niliogopa watu watasema tulitoa mimba, nifungwe. Mama yako alikuwa ananiangalia. Miaka kumi na moja huo mzigo nimembebesha Joash.

Phelesia akaweka jembe chini. Halafu akasema, "Mzee, twende." Kesho anakuja huko na Caren.

Sasa sikiza. Leso yake ni nyekundu. Nimeishika kwa mkono. Na kwetu alifika siku moja tu, ile ya jivu. Ugali yangu hajawahi kula. Anasema alikuwa ameogopa kwa geti, ndio mama mmoja wa leso ya kijani akatoka kwa kaburi, akamshika mkono mpaka mlango.

Baba yako

Homa Bay, 28 Februari

Baba,

Kesi imeondolewa. Phelesia alisema yote, hata damu ya kwa viatu. Hakimu akamuuliza nani amekutuma? Akasema, "Mzee Mwikwabe na marehemu mke wake." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu narudi kazini. Hiyo ya Joash nimeisoma mara nyingi. Sijui niseme nini bado. Nakuja Pasaka, tutaongea.

Na saa sita kaa ndani. Usimsalimie.

Binti yako bado, Leonida

Ntimaru, 5 Machi

Leonida binti yangu,

Salamu. Nimefurahi. Mgongo hauumi tena.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema ukweli, Joash akisikia. Alitoka nje. Sikumfuata.

Leo saa sita mama yako amekuja. Nimeweka nyundo chini. Nimemsalimia kwanza mimi.

Ameitika.

Ng'ombe nimemfunga kwa kivuli, maji anayo. Hii barua iko chini ya sahani. Caren ataiona.

Baba yako