Harufu ya Mbata

London, 12 Oktoba 1955

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu, na Baba unishikie yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeniziba pua, nayo pua ndiyo ninayoihitaji kwa kazi ya mwaka huu.

Mwalimu wangu anatunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Wanafunzi tumegawiwa maneno, na mimi nimeangukiwa na ‘smell’. Ni neno dogo, lakini wenyewe wanalitumia kwa kila kitu. Waridi lina ‘smell’ na jaa lina ‘smell’. Mtu akinusa, neno ni hilo hilo. Akihisi anadanganywa, ni hilo hilo tena. Nilimwambia Mwalimu sisi tuna harufu, akaandika, akangoja. Nikaongeza uvundo, na hapo nikakwama, mimi niliyezaliwa Kokoni nyuma ya soko. Tafadhali niandikie wewe maneno yote unayoyajua.

Kifua cha Baba vipi? Siku niliyoondoka alikohoa pale bandarini mpaka akakaa juu ya gunia la mtu, kisha akaniambia, “Nenda kasome. Utanikuta.” Neno hilo nimelishika. Mtihani ni mwezi wa Juni, na nikimaliza tu nitapanda meli.

Mwanao,
Mabrouk


Kokoni, Unguja, 9 Novemba 1955

Mwanangu Mabrouk,

Marahaba. Barua yako imefika, na sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Dada yako Mwanapili anakusalimu. Paka wako amezaa tena, mara hii ndani ya kapu la nguo. Nakuandikia kwa herufi zangu za Kiarabu nilizofunzwa chuoni. Mwalimu wako kama hazijui, naye akasome.

Ati umekwama. Nimecheka peke yangu jikoni. Mtoto niliyekuwa nikimtuma samaki Darajani kila siku hajui vumba? Mwandikie huyo Mwingereza: vumba ni la samaki, na shombo ni ile inayobaki mkononi hata ukinawa kwa ndimu. Kikwapa kila mtu anakisikia cha mwenzake. Uvundo ni wa kitu kilichooza. Riha ni nzuri, kama ya asumini asubuhi. Udi ukiwashwa ukashika chumba kizima, tunasema umehanikiza. Tena mwambie kunuka ni aibu na kunukia ni sifa, asije akamsifu mke wa mtu kwa neno la jaani.

Hiyo simeli yenu ni kapu moja la kutilia samaki na asumini. Mimi silitaki nyumbani kwangu.

Nimekutumia kikoi na kofia. Nimevifukiza, maana sijapata kumpa mtoto wangu nguo isiyopita juu ya chetezo cha udi, na sitaanza leo kwa kuwa uko Ulaya. Baba yako kifua kinambana, lakini kazini anakwenda.

Mamako


London, 20 Januari 1956

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Natumai nyote hamjambo, na paka na wanawe.

Kifurushi kimefika. Nilipokata kamba tu, udi wako ukatoka mpaka kwenye ngazi, na bibi mwenye nyumba akapanda mbio akidhani nimeunguza zulia lake. Nikampa kofia ainuse. Akaishika muda mrefu, kisha akanirudishia kwa mikono miwili. Kikoi nimekikataza maji. Nikirudi kutoka chuoni nimechoka, najifunika nacho usoni na ninakuwa nyumbani kwa dakika chache.

Mwalimu ameandika maneno yako yote na anakushukuru. Kuna moja tu nimelikosa. Baba akirudi kutoka ghala la mbata, kile kinachoingia ndani kabla yake kinaitwaje? Ni nazi iliyokauka, na moshi wa vifuu, na jasho, lakini vyote pamoja havina jina ninalolijua. Harufu hiyo naikumbuka kuliko sura yake, Mama. Picha yake ninayo, hiyo sina.

Mwanao,
Mabrouk


Kokoni, 25 Februari 1956

Mwanangu Mabrouk,

Marahaba, na salamu nyingi. Mimi na Mwanapili tu wazima. Baba yako ghalani wamempumzisha kidogo, na yupo kitandani mchana kutwa, jambo ambalo hajalizoea na ananichosha kwa amri zake.

Swali lako nimemsomea. Mtaani watu husema ananuka mbata. Posa yake ilipoletwa shoga zangu walinicheka, na mwaka wa kwanza nilikuwa nikimfungulia mlango nimejiziba pua kwa kanga. Siku niliyoacha siikumbuki. Baadaye akichelewa nilikuwa nasimama uchochoroni, si kumtazama, bali kuingoja harufu ile ikate kona. Kwangu mimi ananukia. Neno lake sina.

Yeye amesema nikuandikie hivi: “Neno la nini? Mwambie aje anuse mwenyewe, mie nipo.” Kisha akanigombeza kwa kutaka kulifua shati lake la kazi. Anasema nisiliguse, atalivaa Jumatatu.

Mamako


Kokoni, 14 Mei 1956

Mwanangu Mabrouk,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika, uniwie radhi kwa kukawia. Mimi na dada yako tunakula na kulala. Ami yako Mcha yupo hapa kwetu tangu mwezi uliopita na anakusalimu sana. Anasema ushike kitabu, mtihani kwanza, mengine yote baadaye.

Nimekushonea kanzu mpya. Mwanapili ndiye aliyeipeleka posta, mimi sitoki. Usikae na njaa.

Mamako


London, 22 Juni 1956

Mama yangu,

Nakushika miguu, na leo siiachii.

Kanzu ilifika wiki ya mtihani. Nilifunga dirisha kwanza, udi usinitoroke, ndipo nikaifungua na kuiweka usoni. Ilikuwa na harufu ya kitambaa kipya na ya karatasi ya posta. Nikaikung'uta. Nikaigeuza ndani nje. Kisha nikaisoma tena barua yako, na salamu za Baba hazimo.

Mama, wewe hujapata kunipa nguo isiyofukizwa. Mwanamke wa kwetu haachi udi wake ila akiwa amekaa eda. Nilijua hapo hapo, kanzu ikiwa mkononi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, Mama. Pole sana.

Sikulaumu, wala Ami Mcha simlaumu. Mtihani nimeufanya kwa kuwa Baba mwenyewe ndiye aliyenisindikiza kuja kuusomea. Mwalimu aliniuliza macho yana nini, nikamwambia nimenusa kitu ambacho hakikuwapo. Aliinamisha kichwa.

Sasa anataka nibaki mwaka mwingine kwa ajili ya kamusi. Karibu nimkubalie. Aliyesema nitamkuta hayupo, na naogopa kuingia nyumba ile nikute hewa tupu.

Mwanao,
Mabrouk


Kokoni, 30 Agosti 1956

Mwanangu Mabrouk,

Marahaba, mwanangu, na pole na wewe. Eda yangu imekwisha. Nimeoga, nimebadili nguo, na Mwanapili amewasha chetezo. Nyumba imehanikiza tangu ukumbini mpaka jikoni.

Baba yako alifariki mwezi wa Aprili, asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu. Ami yako alisema usiandikiwe mpaka umalize mtihani, na wazee wakakubaliana naye. Nilikatazwa kuandika. Habari ya kanzu hakuitaja mtu. Mwanapili alitaka kuifukiza yeye, nikamnyang'anya. Sikuweza kukutumia harufu ya furaha kutoka nyumba hii.

Baba yako hakukudanganya. Walipokuja kugawa nguo zake sadaka, shati la kazi nililikalia, na hakuna aliyethubutu kuniambia nisimame. Sikulifua. Nimelitia ndani ya mkebe wa biskuti nikaufunga vizuri, na leo kabla ya kuwasha udi niliutoa nje uani, moshi usije ukamfunika.

Nimeufungua mara moja. Yumo, Mabrouk. Lakini kidogo kuliko alivyokuwa, na mwaka mmoja hatafika. Mwambie mwalimu wako akungojee, kamusi haitoki harufu. Panda meli.

Mimi siufungui tena. Iliyobaki ni yako.

Mamako