Mtani aliyetupindua

Zubeda, niko hospitali Mwananyamala. Hija mwanangu anafungwa mkono wa kulia, mfupa ulitoka nje. Mie mzima, ila kanga yangu ile ya maua imelowa damu yake.

Ni yule Erasmus, Mnyamwezi wa Datsun ya njano. Kwenye haya mashindano ya magari ya zamani, toka Mbeya tunataniana naye. Si unajua Mzaramo na Mnyamwezi. Kila asubuhi, "Bibi, leo nakuzika na hiyo Pijo ya marehemu mumeo." Namjibu, "Tangulia wewe, nije nile ubwabwa."

Leo tunaongoza, tumebakiza makorongo ya Mabwepande tu tumalizie Boko. Akatugonga kwa nyuma, akatoa kichwa dirishani, "Utani hauna kununa, bibi." Hija, ndiye aliyeshika usukani, akataka kusimama. Nikamwambia mwache, mtani huyo.

Zubeda, nilikuwa nacheka. Akagonga tena, tukabiringika korongoni kicheko kingali mdomoni.

Watu waliokuja kutazama mbio wakamchomoa Erasmus garini mwake, wakamvunja meno. Mmoja kanyanyua jiwe kubwa. Erasmus analia, "Muulizeni bibi, mie mtani wake." Wote wakanigeukia.

Nikautazama mfupa wa mwanangu, mweupe vile.

Nikasema ni mtani wangu, mwacheni. Wakashusha jiwe. Akanipigia magoti, "Ahsante, bibi yangu."

Nikaokota spana ya magurudumu, nikamshushia ya mkono, uleule wa kulia. Ukalia kama muwa.

Nikamwambia, "Utani hauna kununa, baba."