Kijana Niliyemfanya Mfano

Jumanne jioni

Niwie radhi, daftari langu, kwa kimya cha miezi. Sikuwa na neno jema la kuandika.

Leo nimemkuta binti yangu Akinyi huko Kibuye, kwenye vibanda vya mafundi wa chuma, amevaa miwani ya kuchomelea, akiunga lango la chuma. Barua yake ya chuo kikuu ingali mezani kwangu. Anataka kuikataa nafasi hiyo ajifunze ufundi, na anangoja idhini yangu.

Nilikuwa nimesikia kwamba ameshaanza kazi huko, nikaenda kumgombeza. Fundi wake akainuka, akanipangusia kigoda. Ni Otieno! Nilipokuwa nikimfundisha, nilimsimamisha mbele ya darasa nikasema ataishia jua kali, kugonga mabati kando ya barabara. Kisha kila mwaka niliwasimulia wanafunzi wapya habari zake, ili wasome kwa bidii.

"Karibu, Mwalimu," akasema akicheka. "Si ulisema nitaishia jua kali? Basi ndiyo hapa nimeishia. Keti."

Mafundi wote wakacheka. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamuuliza Akinyi kwa nini alinificha kwamba ameshaanza kazi. Hakuinua macho.

"Baba, hata mimi nilikaa kwa darasa lako. Niliogopa utanitaja vile ulikuwa unamtaja Otieno."

Nikaondoka.

Chuo kinataka jibu Ijumaa. Bado natamani kumwona amevaa joho, lakini...

Nikishaamua, nitaandika. Kwanza nitarudi Kibuye, nimwombe Otieno msamaha mbele ya mafundi wake, kama nilivyomwaibisha mbele ya wenzake.