Benchi la Waliogombana

Jumatano, 2 Agosti 1995

Nimetoka kwenye kikundi cha maombi. Chai ya maziwa, maandazi, viti vya plastiki. Sebule ya Mama Nyanjige ilifurika hadi barazani, na waliokosa nafasi walisikilizia dirishani. Tulisoma habari za kuoshana miguu. Nilimsahihisha Masanja mara mbili. Masanja ni fundi redio, ameokoka juzi, anajua kila kitu.

Halafu Mchungaji akasimama. Kijana. Ana karatasi kubwa yenye miduara. Kila kikundi cha nyumbani kikijaa kinazaa kingine, na sasa zamu ni yetu. Watu wa Kamanga, wanaovuka ziwa kuja kwetu, watakuwa na kikundi chao huko huko ng'ambo. Atakayewalea ni Mama Nyanjige. Anahamia Kamanga mwisho wa mwezi. Kiwanja anacho, kibanda cha mitumba kimeshasimama.

Watu wakapiga makofi. Yeye akaangalia chini.

Miaka yote hii pamoja naye, na nimesikia siku moja na wageni.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimefundisha vibaya leo. Wanachuo wameniona. Saa ya mapumziko nimekaa mbele ya taipureta ya chuo, nimeanza waraka. Kichwa: Kanisa si Kampuni.

Siku hizi kila kitu ni kupanuka. Mashirika yanauzwa, viwanda vya samaki vinaota ufukweni kama uyoga, vyama vinafungua matawi, sasa na maombi yafungue matawi. Mwanafunzi wa Kristo hafyatuliwi kama tofali. Hukaa na watu walewale mpaka wamchoshe, kisha akae nao tena. Ukimhamisha kabla hajachoshwa, umemwokoa na darasa lenyewe.

Hoja nzuri. Naamini kila neno.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimepita kwa Mzee Lusato, mzee wetu wa kikundi tangu mwanzo, kumpelekea sukari. Benchi letu la zamani la kikundi liko nyuma ya jiko lake. Kuku wanalala juu yake. Nilipandwa na hasira, kisha nikapangusa upande mmoja nikakaa.

Alilichonga mwenyewe, kwa mbao za mtumbwi uliovunjika uliomleta kutoka Nansio. Matundu ya misumari bado yapo. Enzi zile kikundi hakikuwa na kiti hata kimoja. Tulihama nyumba kwa nyumba, na benchi likahama nasi. Biblia moja, koroboi moja, chai isiyo na sukari. Zipo jioni tulizokunywa maji ya moto matupu tukayaita chai. Sabuni haikuwepo. Sote tulinuka moshi. Naikumbuka harufu ile kuliko ninavyokumbuka mahubiri yoyote.

Ndiyo miaka niliyomwita Mama Nyanjige mlanguzi, katikati ya maombi, mbele ya wote. Alikuwa akiuza sukari kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa mjamaa wa kutupwa. Yeye akaniita kasuku wa redio. Mzee Lusato hakuhubiri. Alisema tu, ninyi wawili mtapeleka benchi kwenye nyumba ya wiki ijayo.

Mtaa wetu wa Igogo ni mawe matupu. Njia inapenya katikati ya majabali, na benchi ni refu. Wa nyuma haoni anapokanyaga. Tulitembea tumenuna mpaka kwenye kona ya kwanza.

"Jiwe," akasema yeye.

"Nimeliona," nikasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kupatana kwetu. Ikawa desturi: waliogombana wanabeba benchi. Hakuna waliolibeba kama sisi wawili. Majirani walitoka milangoni kutucheka. "Leo mmegombania nini, akina mama?" Wengine walitufuata wajue. Wakaingia, wakakaa juu yake, wakabaki. Hivyo ndivyo tulivyoongezeka. Bila miduara.

Kisha vikaja viti vya plastiki. Alivinunua Mama Nyanjige, kwa nia njema. Benchi likaachiwa kuku.

Jumatano, 9 Agosti

Nimewasomea kikundini waraka wote, kurasa sita. Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Mchungaji alikunja karatasi yake ya miduara. Niliona nimeshinda.

Mama Nyanjige akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, hawa wa Kamanga huvuka ziwa kila Jumatano kuja kukusikiliza ukigombana na mimi. Wakichelewa kivuko wanalala sokoni. Yule pale ana mimba. Waraka wako umemtaja ukurasa wa ngapi?"

Mtu mmoja alicheka barazani. Nadhani ni Masanja.

Nikasema naona mfanyabiashara amepata soko jipya, na anamwita Mungu awe dalali. Nilisema hivyo. Mama Nyanjige alianza kukusanya vikombe, na cha kwangu kilikuwa bado kina chai.

Ijumaa, 11 Agosti

Hasira. Sina la kuandika.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani Mama Nyanjige alikaa upande wa pili. Tumezoea kushiriki kitabu cha nyimbo kimoja, maana miwani yake ni mbovu. Leo aliimba kwa kukumbuka. Ubeti wa tatu alikosea, nami nilimsikia kutoka huku.

Zamani Mzee Lusato angetutazama mara moja tu, nasi tungejua cha kubeba. Sasa miguu yake haimfikishi kanisani. Tukigombana leo, kila mmoja ananyanyua kiti chake kwa kidole kimoja, anakwenda zake.

Jumatano, 16 Agosti

Sikwenda. Sijawahi kukosa, hata wiki niliyomzika mume wangu. Wiki ile walilileta benchi kwangu, wakalikalia siku zote za matanga. Mama Nyanjige alilala juu yake kwa khanga moja, ziwa likivuma baridi. Alikuwa ameniletea sukari. Sikumwuliza imetoka mlango gani.

Nimewasikia wakiimba kutoka upande wa pili wa majabali. Sauti yake iko chini kuliko zote. Nimefunga dirisha. Nimelifungua tena.

Jumatano, 23 Agosti

Sikwenda tena. Nimeusoma waraka upya. Hoja zinasimama. Yule mwenye mimba hayumo, hata kwa kudokezwa.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimechoka, mabega yananiuma. Nitaandika yote.

Leo ndiyo siku ya Mama Nyanjige ya kuhama. Niliamka na nia moja: benchi halivuki ziwa. Aende na mitumba yake, aende na watu, lakini si na benchi. Nilipofika kwa Mzee Lusato nikakuta mkokoteni mlangoni na Mama Nyanjige nyuma ya jiko, anafukuza kuku.

"Shikamoo Mzee," nikasema.

"Marahaba."

Kisha nikamgeukia yule. "Unaiba?"

"Nahamisha. Viti nimewaachia vyote."

"Nenda na viti vyako. Hili ni letu."

"Kule ni watu wapya, Mwalimu. Watagombana. Ninyi huku mmestaarabika, hamgombani tena. Mnaandika waraka."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi alimwambia kijana wa mkokoteni atangulie na mizigo mingine, maana benchi hilo halijawahi kupanda mkokoteni na halitaanza leo. Kisha akafumba macho kama anayelala.

Nilishika nyuma. Sijui nilishika ili libaki au liende. Yeye alishika mbele, akaanza kuteremka.

Tukafika kwenye majabali.

"Jiwe," akasema.

Sikujibu. Nikajikwaa, goti likagonga mbao. Akasimama, benchi likining'inia kati yetu.

"Nilisema jiwe!"

"Nilisikia!"

"Sasa?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amenipa mgongo. Alijibu hivyo hivyo, akiwa amelitazama ziwa.

"Ningekuambia, tungebishana. Tukibishana unashinda. Ukishinda, nabaki. Na mimi nimeitwa, Mwalimu. Nilitaka kwenda. Mdomo wako nauogopa kuliko mawimbi."

Nilitafuta hoja. Mikono ilikuwa inawaka, na benchi huliachii katikati ya mteremko. Mwenzako ataporomoka nalo. Nikasema neno lile la udalali lilikuwa la uongo. Akasema anajua, la mlanguzi ndilo lililokuwa la kweli. Tukacheka vibaya, tukaliweka chini, tukakaa juu yake pale pale njiani. Watu wakawa wanatuzunguka na ndoo zao. Bibi mmoja akatuuliza tumegombania nini.

"Kamanga!" akajibu Mama Nyanjige.

"Kumbe mna mashamba kule?"

Kivukoni mkata tiketi alilitazama benchi. Akauliza litalipa kama mtu au kama ng'ombe. Mama Nyanjige akasema limebeba watu wakaidi kuliko ng'ombe, lipite bure. Likapita.

Alilikalia kule ndani, peke yake, kibeti mapajani. Kabla kivuko hakijaondoka, mwanamke mwenye tenga la dagaa akamwomba nafasi. Kisha mzee mwenye fimbo. Kisha mama na mtoto. Nikawaona wanaanza kuongea. Nilipunga mkono. Hakuniona, alikuwa anasikiliza.

Jumatano, 30 Agosti

Kikundi kwangu. Nafasi tele. Mtu mmoja alibeba viti vinne kwa safari moja. Nilikaa karibu na mlango, kana kwamba yupo wa kumngoja.

Masanja alisema umaskini ni dalili ya imani haba. Nikamwuliza anafikiri Mzee Lusato ana dhambi gani. Akaniita msomi mkavu. Nikamwita redio iliyokosa betri. Akaondoka kabla ya sala ya mwisho.

Chai ilibaki nyingi.

Jumamosi, 9 Septemba

Mama wa dagaa, yule wa kivukoni, ameleta salamu kutoka Kamanga. Yule binti mwenye mimba amejifungua salama, mtoto wa kike. Na benchi limeshabebwa mara mbili. Hakujua maana ya ujumbe huo. Nilimshukuru.

Mzee Lusato amesikia kuna mtumbwi wa zamani unavunjwa ufukweni. Mikono yake haiwezi msumeno, lakini atakaa aelekeze. Nimekwenda kuzinunua mbao. Ni nzuri, nyeusi, zina matundu. Ni ndefu.

Nikaenda kwenye kibanda cha Masanja. Alikuwa ameinamia redio, hakuinua uso. Sikumwomba radhi, wala yeye hakuniomba. Nilimwambia nina mbao ufukweni, hazibebeki na mtu mmoja. Akafunga kibanda.

Tumezipandisha. Yeye mbele, mimi nyuma. Upepo ulikuwa umetulia na ziwa limelala. Pale kwenye kona ya majabali akapunguza mwendo.

"Mwalimu. Jiwe."

"Nimeliona," nikasema.